Daftari la Kwanza la Bibi Mkunga

Jumatano, saa sita kasoro dakika tano mchana, Bibi Mkunga alifungua kabati la vioo sebuleni kwake ili apanguse madaftari yake, akakuta manane badala ya tisa.

Hakupiga kelele. Aliyahesabu tena, polepole, akigusa kila moja kwa kidole. Yalikuwa yamesogezwa yakabanana vizuri, pengo halionekani. Mtu asiyeyajua angepita asigundue kitu mwaka mzima.

Yalikuwa madaftari makubwa yenye jalada gumu la buluu, na kila moja lilikuwa na kikaratasi cha miaka kilichogundishwa ubavuni. Humo Bibi aliandika kwa mkono wake kila mtoto aliyempokea katika miaka arobaini ya ukunga: tarehe, saa, uzito, jina la mama, na neno moja mawili juu ya namna mtoto alivyokuja. Mtaani watu walijuana kwa madaftari hayo. Mtu akitaka kujua kama mwenzake ni mkubwa au mdogo kwake, alimwuliza tu, "Wewe wa daftari la ngapi?"

Lililokosekana lilikuwa la kwanza.

"Dada," Bibi aliita, "njoo unihesabie haya. Huenda ni macho yangu."

Dada alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili aliyemtunza Bibi tangu alipopasuliwa nyonga, miaka mitatu iliyopita, na kila mtu pale alimwita Dada. Alihesabu. Yalikuwa manane.

"Na Jumatatu afisa wa afya anakuja kuyanakili kwenye kompyuta," Bibi alisema, akaketi.

Nyumba ile haikuwa ya kuibiwa kirahisi. Mwaka uliopita mtoto wa kwanza wa Bibi, Kaka Mkubwa, anayekaa mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, alimleta Fundi Waya afunge kamera mbili, moja getini na moja sebuleni. Kisha zikaunganishwa na mfumo wa nyumba nzima. Kijisanduku cheupe juu ya friji ndicho kilichoamuru yote: kitasa cha geti, kitasa cha mlango wa nyuma, taa, na spika ndogo ya kwenye rafu. Kamera ya getini ikimwona mtu, simu zote zilizounganishwa zinapata ujumbe. Watu wa mtaani waliiita nyumba janja, wakacheka, lakini waliionea wivu.

Dada alimpigia Kaka Mkubwa. Baada ya dakika mbili sauti yake ilitoka kwenye spika ya rafuni.

"Mama, mfumo unaniambia kamera ya sebuleni imezimwa leo saa nne na dakika tisa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa dakika moja baadaye. Nani alikuwa nyumbani?"

"Hakukuwa na mtu, mwanangu. Nilikuwa kwenye mazoezi ya nyonga pale zahanati, kama kila Jumatano."

"Na Dada?"

"Ndiye aliyenipeleka."

"Alikaa na wewe muda wote?"

Bibi alimtupia Dada jicho. Hakuwa mtu wa kusema uongo, hata ule mdogo wa kumsitiri mtu.

"Alitoka kidogo," alisema.

"Kidogo gani?"

Dada alikuwa amesimama palepale, anatazama sakafu.

"Mimi nawapigia polisi," ilisema rafu.

*

Sajini alifika saa nane kamili, peke yake, na daftari dogo la kwake mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe wa daftari la sita. Ulitanguliza miguu, ukamtesa mama yako mpaka alfajiri."

"Hajaacha kunisimulia, Bibi. Akikukumbuka anashukuru, akinikumbuka mimi ananinunia."

Bibi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Sajini alikagua kabati. Halikuvunjwa, halikuwa na kufuli. Televisheni ipo, redio ipo, pete ya ndoa ya Bibi ipo kwenye kisahani chake. Mlango wa nyuma ulitokea kwenye uchochoro usio na kamera. Kisha akaomba kumbukumbu za mfumo, akazinakili kutoka kwenye simu ya Dada neno kwa neno:

Saa 1:02 asubuhi, kamera ya sebuleni imetazamwa: Simu ya Kaka 2.
Saa 3:31, geti limefungwa: Simu ya Dada.
Saa 4:09, kamera ya sebuleni imezimwa: Simu ya Kaka.
Saa 4:10, mlango wa nyuma umefunguliwa: Simu ya Kaka.
Saa 4:19, mlango wa nyuma umefungwa: Simu ya Kaka.
Saa 4:20, kamera ya sebuleni imewashwa: Simu ya Kaka.
Saa 5:48, geti limefunguliwa: Simu ya Dada.

"Kaka," Sajini aliiambia spika, "hapa wanasema ni wewe."

"Afande, saa nne nilikuwa kikaoni. Watu kumi na wawili walikuwa wananitazama na simu iko mfukoni. Lakini Dada ana nenosiri langu. Nilimpa mwenyewe siku ya kwanza, ili mama asifungiwe nje. Mtu akiwa na nenosiri anaweza kuingia kwa jina langu, au siyo?"

"Nitauliza," alisema Sajini. Hakuwa mtu wa kujibu asichokijua.

Aliomba kuzungumza na Dada jikoni. Dada alimvutia kiti, yeye akabaki amesimama.

"Kaa, mdogo wangu. Ulimwacha Bibi kwenye mazoezi saa ngapi?"

"Saa nne kasoro robo."

"Ukarudi?"

"Saa tano kasoro robo."

"Saa nzima. Ulikuwa wapi?"

Dada, aliyekwisha kaa, alivuta miguu nyuma.

"Kutoka zahanati mpaka hapa ni dakika kumi kwa miguu. Unaelewa ninachokiona?"

"Naelewa, Afande. Sikuja huku."

Sajini alitazama chini ya meza. "Hivyo viatu umeving'arisha lini?"

Dada alivificha chini ya kiti, kama mtoto aliyeshikwa. Kisha machozi yakamtoka, lakini sauti yake ilibaki palepale.

"Nilikuwa kwenye usaili. Chuo cha wauguzi wasaidizi, kile kinachotazamana na zahanati. Wamenikubali. Wanataka cheti cha polisi cha tabia njema ifikapo Jumatatu saa sita, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Bibi hajui. Amenifundisha yeye kupima presha, kufunga vidonda, kila kitu. Nitaanzaje kumwambia asante kwa yote, sasa naondoka?"

"Na sasa umeandikiwa malalamiko ya wizi."

"Ndiyo. Na kwa malalamiko hayo sipati cheti."

Sajini alifunga daftari lake. Saa tisa na nusu alikuwa kwenye geti la chuo. Mlinzi alimfungulia kitabu cha wageni: Dada aliingia saa nne kasoro dakika kumi, akatoka saa nne na dakika thelathini na tano. Mlinzi alimkumbuka vizuri, kwa sababu alimsalimia akiingia na akitoka, na wengi hawasalimii.

Sajini alimpigia Kaka Mkubwa kumweleza.

"Nafurahi kama hakuingia yeye. Lakini huenda alimpa mtu nenosiri. Afande, mimi niko mbali na mama yangu ni mzee. Siwezi kufuta malalamiko mpaka nijue nani aliingia kwetu."

Basi malalamiko yakabaki.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Sajini alimkuta Fundi Waya juu ya ngazi, kwenye paa la duka la mbao, anavuta waya.

"Shuka kidogo, Fundi."

"Nikishuka nitasahau waya upi ni upi, Afande. Uliza tu, nasikia."

"Mfumo uliofunga kwa Bibi Mkunga, unaweza kuuingia kutoka hapo ulipo?"

"Naweza kuingia mifumo yote niliyofunga mji huu," alisema Fundi Waya. Kisha akasikia alichokisema, akashuka ngazi haraka. "Lakini siingii. Haki ya Mungu. Bibi Mkunga ndiye aliyenizaa mimi. Yaani, mama yangu ndiye aliyenizaa, Bibi alinipokea. Daftari la saba."

"Jana saa nne?"

"Hapahapa. Na kamera niliyoifunga mwenyewe ilikuwa inanitazama." Akamwonyesha picha: yeye, ngazini, saa nne na dakika tano, saa nne na robo, amebeba nyundo na kuimba bila sauti.

Sajini alirudi kuwahoji majirani wa uchochoroni. Nyumba mbili za kwanza wenyewe walikuwa kazini siku ile. Ya tatu, inayopakana na ua wa Bibi, ilikuwa ya Bwana Stoo, msimamizi wa stoo ya idara ya maji. Stoo yenyewe ilikuwa barabara ya pili, dakika nne kwa miguu. Alimkuta kati ya rafu za mabomba, anahesabu vizibo, kichwa kimejaa mvi.

"Nimesikia, nimesikitika," alisema Bwana Stoo. "Yule mama ni mama yetu sote. Nani atachukua daftari? Lina faida gani kwa mtu?"

"Ndilo ninalojiuliza. Jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Natoka, naingia, kazi ya stoo ndivyo ilivyo."

"Uliona mtu uchochoroni?"

"Sikuona."

"Na wewe mzee wangu ni wa daftari la ngapi?" Sajini aliuliza akiinuka, kama watu wanavyoulizana njiani.

"La pili," alisema Bwana Stoo. "Mwanzoni mwanzoni."

*

Mchana ule Sajini hakula. Aliketi mezani kwake kituoni akasoma orodha ya saa mpaka akaijua kwa moyo. Mara ya sita, kidole chake kilisimama kwenye mstari wa kwanza. Akaenda kwenye wa tatu. Akarudi kwenye wa kwanza. Kisha akampigia Fundi Waya.

"Fundi, hapa saa moja asubuhi wameandika Simu ya Kaka 2. Saa nne wameandika Simu ya Kaka, bila mbili. Ni nini?"

"Ni simu mbili, Afande. Kila simu inayounganishwa inapewa jina. Ukileta ya pili kwa jina lilelile, kijisanduku kinaongeza mbili chenyewe ili kisichanganye. Huyo atakuwa alinunua simu mpya."

"Na mtu akiingia kwa nenosiri lake kupitia simu nyingine?"

"Ingekuwa Simu ya Kaka 3. Hiyo isiyo na namba ni ile ya kwanza kabisa, niliyoiunganisha kwa mkono wangu."

"Kwa hiyo ya zamani bado inafungua milango?"

Fundi Waya alishusha sauti. "Kama hakuna aliyeiondoa kwenye mfumo, inafungua. Watu hufuta picha na majina ya jamaa, wanadhani wamemaliza. Programu ya nyumba wanaiacha humo."

Saa kumi alasiri Sajini alikuwa sebuleni kwa Bibi. Aliomba daftari la pili, akalisoma kurasa ishirini za mwanzo, mstari kwa mstari. Kisha akamaliza lote. Bibi alimletea chai, akamwachia nafasi yake, kwa maana alijua mtu anayesoma kwa dhati anavyofanana.

"Bibi, simu ya zamani ya Kaka Mkubwa ilikwenda wapi?"

"Aliniachia alipokuja mara ya mwisho, kama miezi mitatu hivi. Akasema, mama, mpe mwenye shida. Nikampa jirani yangu wa nyuma, Bwana Stoo. Yake ilitumbukia kwenye tangi la maji."

"Na yeye yumo daftari gani? Simwoni humu."

"Hutamwona humo." Bibi alitabasamu, uso wote ukafunguka. "Yule ni mtoto wangu wa kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mikono inatetemeka. Daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Mwaka huu anatimiza sitini, nami nina..."

Bibi alisimama katikati ya hesabu. Kikombe kilibaki hewani. Alikuwa mzee, lakini hakuwa mzito wa akili.

"Usiniambie," alisema.

"Sijasema kitu, Bibi. Nisubiri mpaka kesho."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi walikusanyika sebuleni: Bibi kwenye kiti chake kirefu, Dada amesimama nyuma yake, Kaka Mkubwa aliyewasili kwa basi la usiku na kola imekunjamana, Fundi Waya na Bwana Stoo. Huyu wa mwisho aliambiwa ameitwa kama jirani.

"Kwa utaratibu tu," alisema Sajini, "kila mtu aweke simu yake mezani, sauti juu. Sitaki tukatizwe."

Waliziweka. Zikawa tano pamoja na ya Sajini, maana Bibi hakuwa na simu.

"Fundi, nenda nje ukasimame getini."

Fundi Waya alitoka. Ndani palikuwa na utulivu wa kusikia friji inavyounguruma. Kisha simu ya Kaka Mkubwa ikalia mlio wa kengele, ya Dada ikafuata, na ya tatu, yenye ufa kwenye kona, ikalia mbele ya Bwana Stoo. Kwenye vioo vyote vitatu maneno yalikuwa yaleyale: Mtu ameonekana getini.

Kaka Mkubwa aliinama akaitazama ile yenye ufa. "Hii ni yangu," alisema. "Nilifuta kila kitu humu."

"Kila kitu isipokuwa nyumba ya mama yako," alisema Sajini. "Bwana Stoo, uliniambia wewe ni wa daftari la pili. Nimelisoma lote. Humo hamna jina la mama yako."

Bwana Stoo hakuinuka, wala hakukana. Alitazama mikono yake.

"Simu ilinipa taarifa siku ya pili tu," alisema. "Mtu ameonekana getini. Nikabonyeza, nikamwona Bibi anavua viatu hapa sebuleni. Nilitaka kuja kusema, nikaona haya. Baadaye nikazoea. Jioni nilikuwa nafungua kidogo, nione amekaa salama, nafunga. Sikuwahi kuwaza ubaya."

"Mpaka?"

"Mpaka niliposikia madaftari yanaingizwa kwenye kompyuta ya serikali. Nilipoomba kazi walikuwa hawataki aliyevuka thelathini. Nilikuwa na thelathini na tatu. Nikapunguza minne. Kila mwaka nikasema mwakani nitasahihisha. Sasa idara inahakiki umri wa kila mtu, mimi nafikisha sitini, na kwenye karatasi zangu ni hamsini na sita. Nikaona miaka yote ishirini na saba ya kazi safi itaitwa uongo."

"Ukamwacha huyu binti abebe," alisema Sajini.

"Nilidhani Bibi atasema limepotea tu. Niliyasogeza ili asigundue upesi. Niliposikia Dada ametajwa..." Alinyanyua uso, akamtazama Dada. "Sikulala. Lakini kutolala hakukusaidii wewe kitu. Najua."

"Umelichoma?" aliuliza Bibi. Ndilo swali lake la kwanza tangu asubuhi.

"Nilikwenda nalo stoo nilichome. Nikasema nisome kwanza hicho kinachonitisha." Bwana Stoo alivuta kutoka kwenye mfuko wake wa kazi kitu kilichofungwa nailoni mara tatu, kama kinachoogopewa maji. "Umeandika, Bibi: mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mama ameshika mkono wangu badala ya mimi kushika wake. Na chini yake: namshukuru mtoto huyu, amenifanya mkunga. Nikashindwa kuwasha kiberiti."

Bibi alilipokea daftari, akaliweka mapajani.

"Ningeandika nini zaidi?" alisema. "Ilikuwa kweli. Na bado ni kweli, japo leo umeniudhi kuliko watoto wangu wote mia kadhaa wakikusanywa pamoja."

"Aliyeibiwa ni wewe, Bibi," alisema Sajini. "Unataka nifanye nini?"

"Daftari limerudi, sina madai. Lakini huyu atakwenda idarani kwake leo hii, kwa miguu yake, akaseme umri wake mwenyewe. Wakimsamehe, wakimwadhibu, hilo ni lao."

"Nitakwenda," alisema Bwana Stoo.

"Nitakusindikiza mpaka mlangoni," alisema Sajini. "Sitaki upotee njia."

Kaka Mkubwa alikuwa bado hajasema lililompasa. Alisogea mpaka alipokuwa mbele ya Dada.

"Nilikupa nenosiri kwa kukuamini," alisema, "halafu nikalitumia kukushtaki, na aliyeacha mlango wazi nilikuwa mimi. Unisamehe, Dada. Miaka mitatu mama yangu anatembea kwa sababu yako, na sijawahi hata kukushukuru."

Dada alimtazama usoni.

"Nimekusikia, Kaka. Asante kwa kuja mwenyewe. Na tafadhali badilisha hilo nenosiri, silitaki tena kichwani mwangu."

Fundi Waya, aliyerudi mlangoni, alikohoa kuficha kicheko. "Tuanze na kuondoa simu ya zamani. Ni kitu cha nusu dakika."

"Nusu dakika," alirudia Kaka Mkubwa, akajishika kichwa.

Bibi alimvuta Dada mkono. "Sasa wewe. Sajini amesema ulikuwa na sababu ya kutoka Jumatano, ila hakusema ipi. Iseme."

Dada aliisema, yote, kuanzia fomu mpaka nafasi. Bibi alisikiliza bila kumkatiza.

"Ungeniambia," alisema alipomaliza, "ningekupigia pasi gauni mwenyewe. Ulikwenda usailini na gauni lenye mikunjo?"

"Nani atakupeleka mazoezini, Bibi?"

Bibi alimgeukia Bwana Stoo, ambaye alikuwa ameshasimama amevaa kofia, tayari kwenda. "Mtoto wangu wa kwanza atakuwa na nafasi siku za Jumatano, nafikiri. Kuanzia wiki ijayo."

"Nitakuwa na nafasi siku zote, Bibi," alisema Bwana Stoo.

*

Jumatatu saa tatu na dakika ishirini asubuhi, wakati afisa wa afya anafungua kompyuta yake mbele ya madaftari tisa, Dada alikuwa kwenye dirisha la kituo cha polisi. Sajini alisoma cheti tangu juu mpaka chini, akakisoma tena, akapiga muhuri na kukipuliza wino ukauke.

"Asante, Afande," alisema Dada, akikipokea kwa mikono miwili.

"Mimi nilisoma tu orodha. Nenda, dirisha lao linafungwa saa sita."

Dada alitoka akitembea kwa heshima, kama watu wanavyotembea kituoni. Alipofika barabarani, akakimbia.